Bega Lisilo na Chale

Swali lililoninyima usingizi mwaka niliorudi Lodwar kutoka chuo kikuu halikuwa la kazi, ingawa kazi sikuwa nayo. Lilikuwa hili: mtu akiua katika vita ambavyo si vyake, damu ile iko juu yake au iko juu ya waliomtuma? Nililigeuza huku na huku. Kama iko juu ya waliomtuma, basi babu yangu alikuwa amejitesa miaka hamsini bila sababu. Kama iko juu yake, basi sisi jamaa zake tulikuwa tumemwacha nayo miaka yote hiyo, na sasa alikuwa anakaribia kufa nayo. Na kulikuwa na uwezekano wa tatu, ambao ndio ulionikalisha kitandani nikimsikiliza mama akikoroma upande wa pili wa ukuta wa bati: huenda hakuua mtu yeyote.

Kwetu Waturkana, mwanamume aliyeua vitani haingii nyumbani hivi hivi. Hukaa kando kwanza. Huchinjiwa mbuzi, akapakwa majani mabichi yaliyosagika tumboni mwa mbuzi huyo, kisha huchanjwa chale begani, kulia ikiwa aliyeuawa ni mwanamume, kushoto ikiwa ni mwanamke. Wageni wanaokuja kupiga picha hudhani chale zile ni majivuno tu. Majivuno yamo, siwezi kukataa. Lakini babu alinieleza nilipokuwa mdogo kwamba bila mbuzi na chale, aliyekufa hubaki na muuaji, wakala pamoja na kulala pamoja, na watoto wa nyumba ile hawakai.

Yeye mwenyewe bega lake lilikuwa laini kama la kijana. Alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza, akarudi na koti zito lisilofaa kabisa katika joto la Turkana, na chale hakuwa nazo. Rika lake waliobaki nyumbani walikwenda kuvamia ng'ombe, wakachanjwa, na kwa maisha yao yote walimtania. Huyu alikwenda kuwachungia Wazungu punda, walisema. Alicheka pamoja nao. Kulikuwa na punda kweli, punda wa kubeba mizigo milimani.

Kazi yake huko ilikuwa kubeba masanduku ya risasi na kuilisha bunduki kubwa ya kupigia mfululizo. Aliyeifyatua alikuwa Mturkana mwenzake, mtu wa Kakuma, na wawili hao walikuwa kama pete na kidole. Siku moja yule mwenzake alijeruhiwa mkono, na babu akashika bunduki hadi jua likatua. Mbele yao kulikuwa na mianzi. Babu alipiga, na mianzi ikawa inaanguka. Nyuma ya mianzi kulikuwa na nani, hakujua. Usiku ule waliondolewa pale na hawakurudi.

Aliporudi nyumbani wazee walimuuliza kama ilivyo desturi: Umeua? Akajibu: Sijui. Hawakuwa wamewahi kusikia jibu la namna hiyo. Mtu hurudi kutoka vitani akiwa ameua au hakuua. Walijadiliana, wakashindwa, wakamruhusu aingie. Mke wake wa kwanza alizaa watoto wawili, wote wakafa wakiwa wachanga, kisha mama yao akawafuata. Mke wa pili ndiye aliyemzaa baba yangu, na baba aliishi hadi nilipokuwa sekondari, kifua kikuu kikamchukua.  Tangu siku ya mazishi babu hakuniruhusu kula sahani moja naye.

Ombi lake lilikuja mchana mmoja nikimnyoa nywele. Alikuwa ameketi juu ya ekicholong chake, kile kigoda kidogo ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Kikohozi kilikuwa kimemla, shingo imebaki kamba.

"Mwenzangu," alisema, "nataka mbuzi."

Aliniita mwenzake kwa sababu kwetu mtoto wa kiume huwa kundi tofauti na baba yake, na kwa hiyo mjukuu hurudi kundi la babu. Baba alikuwa Jiwe. Babu na mimi ni Chui. Nilidhani ana hamu ya nyama, nikamwambia nitazungumza na mama tupate hata mguu sokoni.

"Si wa kula," alisema. "Ule ambao sikuchinjiwa."

Mama alikuwa anachambua maharagwe hatua chache kutoka pale. Alikuwa mpishi katika shule ya misheni na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na kwa adabu ya mkwe hakuwahi kuzungumza na babu ana kwa ana. Kila kitu kilipitia kwangu, hata kama wote watatu tulikuwa chini ya kivuli kimoja.

"Mwambie huyo mzee," alisema bila kuinua macho, "kwamba alibatizwa nikimwona. Maji yale yalikuwa ya nini?"

Nikamgeukia babu, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie mama yako yalikuwa ya dhambi," alisema. "Hii si dhambi. Mimi nilitumwa."

"Mwambie kama si dhambi, anataka kuoshwa nini?"

Babu alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi nikaweka wembe chini. Alipopata pumzi alisema mke wa mwanawe angefaa kuwa hakimu. Mama hakucheka. Baadaye, tukiwa peke yetu jikoni, aliniambia kwamba kama nitaleta mambo hayo nyumbani kwake atakuwa amenisomesha ili nirudi nyuma, na kwamba babu akifa baada ya kupakwa uchafu wa mbuzi, padre atauliza amezikwa na imani gani, na yeye mama ndiye atakayesimama pale kujibu. Niliona ana haki. Nilikuwa nimemwona babu pia ana haki. Hilo ndilo tatizo langu hadi leo, mtu akinieleza jambo kwa utulivu namwona ana haki.

Nilijipa wiki kadhaa za kufikiri, na katika wiki hizo babu aliacha kutembea hadi mtoni Turkwel, kisha akaacha kutembea hadi langoni. Hospitalini walimpa dawa za kifua, wakasema tuendelee nazo. Nikaenda kumtafuta mzee aliyesemekana bado anajua kazi ya kuchanja. Nilimkuta katika soko la mbuzi, akiwashika wanyama wa watu mbavu na kuwadharau. Mabega yake yote mawili yalikuwa yamejaa chale, mistari kwa mistari. Nilimsalimu, "Ejok," akaitikia, nikamweleza habari nzima, pamoja na mianzi.

"Nani aliona?" aliuliza.

Nikasema sijui kama kuna aliyeona.

"Sheria yake ni kwamba aliyeona husimama mbele ya mbuzi akasema alichokiona. Nikimwosha mtu asiye na damu, nimeita damu ije kwake. Mbuzi huyu si wa kujaribia." Akanipima kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe mtoto wa shule, kule Nairobi ulisomea nini?"

"Jiografia."

"Hiyo inaonyesha watu waliokuwa nyuma ya majani?"

Nikasema haionyeshi.

"Basi na shule nayo imeshindwa," alisema, na wachuuzi waliokuwa karibu wakacheka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu mpya juu ya ile ya zamani. Sasa haikuwa tena mila dhidi ya kanisa. Kama babu hakuua, na mimi nikamletea mbuzi, ningekuwa nimemletea marehemu wa watu wengine mlangoni katika siku zake za mwisho. Kama aliua, na mimi nikaogopa, ningemwacha afe na yule aliyekuwa naye tangu Burma. Mtu mmoja tu alikuwa karibu naye siku ile, yule mwenzake wa Kakuma. Babu alisema walipoteana zamani sana, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Kazi niliyoipata mwezi uliofuata ilikuwa huko huko Kakuma, na sitadai kwamba nilikwenda kwa ajili ya babu. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa kazi. Kambi ya wakimbizi ilikuwa na miaka michache tu wakati huo, na ugomvi kati ya wenyeji na wageni haukuisha: kuni zimekatwa upande gani, mbuzi wa nani ameliwa. Nilikuwa mkalimani wa ugomvi huo. Asubuhi nilimsikiliza mama wa Kiturkana aliyeleta mkaa akabadilishiwa mahindi ya msaada yaliyooza, mchana nikamweleza ofisa kwa Kiingereza, jioni kila mtu alikuwa amenikasirikia mimi.

Haikunichukua muda kumpata mwenzake babu, au tuseme kaburi lake. Lilikuwa ng'ambo ya lagha, ule mto mkavu wa mchanga, nje kidogo ya mji, na mjane wake alikuwa anaishi pale pale na wanawe. Nilipomtajia babu alinikaribisha kwenye ngozi, akaniletea maziwa.

"Kwa hiyo bado yuko hai," alisema. "Mzee wangu alidhani ametangulia."

Nilimuuliza kama mumewe aliwahi kusimulia siku ya mianzi. Alisema alisimulia hadi watoto wakaikimbia hadithi. Nikamuuliza alichokiona.

"Hakuona kitu, mwanangu. Alikuwa amelala chini anavuja damu. Alifumba macho. Aliniambia: nilifumba macho kama mtoto, yule mwenzangu akapiga peke yake."

Kisha akanieleza jambo ambalo babu hakuwahi kunieleza. Mumewe alikuwa amechanjwa. Waliporudi kutoka vitani, babu alitembea hadi Kakuma, akasimama mbele ya mbuzi wa mwenzake, akasema kwamba kabla ya siku ya mianzi alimwona kwa macho yake akiua mtu mtoni. Ilikuwa kweli. Wazee wakaridhika, mwenzake akaoshwa. Baada ya hapo babu akamwomba naye aende Lodwar amsimamie, na mwenzake akakataa, kwa sababu hakuona, na kusema uongo mbele ya mbuzi yule ni kujilaani. Babu alimwambia ameelewa. Hawakuonana tena.

"Alikuwa anaona haya," mjane alisema. "Watu wakisema wanakwenda Lodwar, alikuwa anatoka nje."

Nilimuuliza, nikijua ni swali la kijinga, kama yeye angeweza kuja kusimama badala ya mumewe. Alinitazama kwa huruma. Aseme nini? Kwamba aliolewa na mtu aliyefumba macho? Nikamshukuru kwa maziwa. Nilivuka lagha nikiwa nimechoka kana kwamba nimetembea kutoka Lodwar. Shahidi wa babu hakuwa amepotea. Hakuwahi kuwepo.

Katika soko la kambi kulikuwa na fundi cherehani, Mnuer kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa askari miaka mingi hadi bomu la kutegwa likamtoa mguu. Alikanyaga cherehani kwa mguu uliobaki, haraka kuliko wengine walio na miwili, na Jumapili alipiga ngoma kanisani. Nilizoea kunywa chai kibandani kwake kwa sababu ndiye mtu pekee Kakuma ambaye hakuwa na malalamiko ya kutafsiriwa. Siku ile nilikuwa nimempelekea suruali, na nikajikuta namweleza habari za babu. Sijui kwa nini. Nafikiri nilitaka mtu aniambie kwamba mambo hayo ni ya kizamani, nikalale.

Alisimamisha cherehani.

"Ndugu, kwetu pia iko hivyo," alisema. "Mtu akiua, hawezi kunywa maji mpaka wamkate hapa." Akagusa mkono wake juu ya kiwiko. "Damu ya yule mwingine itoke kidogo. Akikunywa kabla, anakufa. Lakini sisi, wakubwa wa jeshi walituambia hii ni vita ya serikali, si vita ya ng'ombe. Risasi haijui mtu, na wewe hujui mtu. Hakuna uchafu. Basi tulikunywa maji."

Nikamuuliza sasa anaonaje.

"Sasa nakunywa chai, hakuna kitu." Akacheka kidogo. "Halafu bibi yangu anapoteza mimba, nasema, ni ile. Halafu anazaa mtoto mzuri, nasema, si ile. Mtoto anapata homa, nasema tena ni ile. Kila siku mimi ni hakimu na mimi ni mfungwa."

"Kwa nini usitafute mtu akukate?"

"Nani? Mjomba wa kunikata alibaki kule, sijui kama anaishi. Hapa kambini wazee wanasema ni kazi ya wakubwa, wakubwa wanasema ni kazi ya kanisa, mchungaji anasema niombe. Mimi naomba." Akaingiza uzi kwenye sindano. "Kama mtu wangu angekuja, hata hajui kazi, hata anakata mahali si sawa, ningempa mkono. Angalau mtu mmoja amekubali kwamba ile kitu iko."

"Na kama hukuua mtu?"

"Basi nitakuwa na kovu moja zaidi. Makovu si ninayo?"

Akaendelea kushona. Nilibaki pale na chai iliyopoa. Hakuwa amejibu swali langu hata moja. Damu iko juu ya nani, hakujua. Kama babu aliua, hakuna ambaye angejua tena duniani. Nilikuwa nimetembea huku na huku nikitafuta uhakika kana kwamba upo mahali na mimi ndiye mvivu, na muda wote huo mzee alikuwa amelala Lodwar akisubiri mtu aseme ndiyo au hapana.

Mwisho wa mwezi nilinunua mbuzi dume mweupe Kakuma na kusafiri naye juu ya lori la mahindi hadi Lodwar, nikimshika pembe, vumbi likituvaa wote wawili. Nilimkuta babu amebaki macho tu. Nilimweleza nilikokwenda na niliyoambiwa na mjane, hata habari ya macho yaliyofumbwa. Nilidhani itamvunja moyo.

"Nilijua," alisema. "Nilimwona amefumba. Ndiyo maana sikumkasirikia."

"Mzee wa chale anasema kama hukuua, mbuzi ataita damu ije kwako."

Alifikiri. "Ije," alisema. "Itakaa na mimi muda gani?"

Usiku ule nilimwambia mama kabla hajamwona mbuzi nyuma ya nyumba, ingawa najua alikwisha kumsikia. Nilimwambia nimeamua, na kwamba sikuwa na hoja ya kumshinda, na kwamba padre akija kuuliza nitasimama mimi kujibu. Nilitarajia alie au anifukuze. Aliuliza kama huyo mzee wa sokoni anakuja kufanya. Nikasema amekataa.

"Basi nani atafanya?"

"Mimi."

"Wewe hujui."

"Sijui."

Aliendelea kukunja nguo. Akasema asubuhi atakwenda kanisani mapema na atakaa huko hadi mchana kutuombea, mimi zaidi, na kwamba nisitumie kisu chake cha jikoni. Alfajiri alitoka bila kutuaga.

Kisu hakikuhitajika. Babu alitaka mkuki wake. Nilimtoa nje kwa mikono yangu, alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, nikamkalisha akielekea mashariki, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuchoma, ubavu wa kulia, nyuma ya mguu wa mbele. Sikuwa nimewahi kuchoma mnyama kwa mkuki. Mara ya kwanza nilikosea na mbuzi akalia, na babu akageuza uso kwa aibu yangu. Mara ya pili nilifanya ilivyotakiwa. Kwa taratibu sikustahili hata kuwa pale, mimi Chui mwenzake, kijana asiye na mke, asiye na chale, asiyewahi kupigana na mtu hata shuleni. Nililifikiria hilo nikiwa tayari napasua tumbo kwa ncha ya mkuki, na kwa mara ya kwanza kufikiri hakukunisimamisha mkono.

Nilichota kwa viganja majani yale yenye moto na kupiga magoti mbele yake. Maneno ya wazee sikuyajua, na yeye hakuruhusiwa kujisemea. Basi nilisema nilichoweza: kwamba huyu ni babu yangu, kwamba alitumwa akaenda, na kwamba kama yupo aliyekufa kwa mkono wake, sisi hatumjui jina wala kwao, lakini tumekubali kwamba yupo, na tunamwomba arudi kwa watu wake.

Babu alisubiri hadi nikamaliza.

"Anzia kichwani," alisema. "Na usiharakishe."

Nikaanzia kichwani.